Fremu kuukuu, spea za Kariakoo

Ukiingia kwenye duka la spea za baiskeli Kariakoo ukaomba tairi la 26, muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza kabla hajanyanyuka: la 1.75 au la moja na tatu kwa nane? Anayejibu "lolote tu" ataondoka na tairi lisiloingia kwenye rimu yake. Yote mawili yameandikwa 26 ubavuni, lakini la kwanza linakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559, na la pili linataka milimita 590. Hapo kuna milimita 31 ambazo hakuna nguvu za mikono wala maji ya sabuni yatakayoziziba. La 1.75, pamoja na ndugu zake wa 1.95 na 2.125, ni la baiskeli za gia zilizoundwa kwa ajili ya milimani. Lile la moja na tatu kwa nane ni la baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele, na la baiskeli nyingi za Kiingereza za zamani.

Natangulia na tairi kwa sababu maalumu: mtu anayetaka kuifufua fremu kuukuu ya baiskeli ya gia katika mji huu hana adui mkubwa kuliko kitu kinachoelekea kufanana. Spea zipo. Mafundi wapo. Kinachowatoa watu jasho ni vipimo, na vipimo vinaweza kujifunzwa.

Msimamo wangu ni huu: fremu ya chuma ya miaka ya 1980 au 1990, ikiwa haijaoza, ni mali kuliko baiskeli mpya ya bei rahisi yenye shokapu mbele na nyuma. Ile mpya inang'aa, lakini shokapu zake ni uzito mtupu, viungo vyake vya kati vikishaanza kucheza hupati vya kubadilisha, na baada ya masika mbili inalia kila mahali. Fremu ya zamani ni mabomba tu yaliyounganishwa vizuri. Kila kinachofungwa juu yake kinafungwa kwa kipimo ambacho viwanda vya China, India, Taiwan na Japani bado vinakitumia, na ndiyo maana kinafika Kariakoo.

Asili ya baiskeli hizi inanipa moyo. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilileta matairi manene ya inchi 26 kwa baiskeli za kawaida za Marekani. Miongo minne baadaye, vijana wa Marin County, California, waliziokota fremu za Schwinn za kabla ya Vita vya Pili, ambazo hakuna aliyekuwa na haja nazo, wakaanza kuteremka nazo milima ya vumbi. Wakazitia gia zilizotoka kwenye baiskeli za safari ndefu, breki za ngoma, na vishikio vya breki vya pikipiki. Mashindano yao ya kwanza kwenye njia waliyoiita Repack yalifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Breki za nyuma za baiskeli zile zilipata moto mteremkoni mpaka grisi ikaungua, na habu ikabidi ifunguliwe na kujazwa grisi upya; ndiko lilikotoka jina hilo. Joe Breeze alitengeneza fremu mahususi kwa kazi hiyo mwaka 1977, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyoundwa Japani kwa wingi wa kiwandani. Kwa hiyo hata kabla haijawa bidhaa, baiskeli ya milimani ilikuwa fremu kuukuu iliyofungwa spea za kuokoteza. Fundi wa Kariakoo anayefanya hivyo leo yumo ndani ya ukoo wenyewe.

Tairi lile la 559 limedumu. Ulaya na Marekani wameliacha kwa kasi katika miaka ya 2010, wakahamia magurudumu makubwa zaidi, na baiskeli nzuri za 26 zikageuka kuwa vitu vya stoo. Nyingine zikaingia kwenye makontena ya mtumba. Ndiyo bahati yetu: fremu wanazozitupa wao zinashuka bandarini Dar es Salaam, na matairi ya kuzivisha yananing'inia dukani hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi.

Unapoichagua fremu, beba sumaku. Ya spika bovu inatosha. Ikinata, ni chuma, na chuma kinaweza kunyooshwa, kupanuliwa na kuchomelewa hapa hapa mjini. Isiponata, yaelekea ni alumini. Ikiwa nzima itumie kwa amani, lakini ikiwa na ufa iache, maana ufa wa alumini haurudi kuwa mzima kwa kuchomelewa na kupakwa rangi. Kisha toa bomba la kiti. Likigoma kabisa, jua kwamba alumini ya bomba na chuma cha fremu vimeshaungana kwa kutu, jambo la kawaida kwenye hewa ya chumvi ya pwani yetu. Mafuta ya kulegeza kutu na subira ya siku kadhaa huweza kulitoa, ila bei ya fremu ishuke kwanza. Chungulia ndani ya bomba kwa tochi ya simu. Kutu ya unga si kitu. Kutu inayobanduka vipande vipande ni sababu ya kumshukuru muuzaji na kwenda zako.

Jaribio la mwisho ni la uzi. Funga uzi kwenye pembe moja ya nyuma pale ekseli inapokaa, uzungushe mbele ya shingo ya fremu, uurudishe kwenye pembe ya pili. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikilingana, fremu imenyooka. Zikitofautiana kwa milimita moja au mbili, inanyooshwa. Zaidi ya hapo, mwenye fremu aliwahi kugongwa, na ni vizuri akwambie habari yote.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo watu huharibu fremu nzuri kwa haraka: kile kibomba cha chini kinachobeba ekseli ya pedeli. Kwenye baiskeli nyingi za gia za wakati ule kina upana wa milimita 68 au 73, na vikombe vyake vina uzi wa 24 kwa inchi. Kikombe cha kulia, upande wa cheni, kina uzi wa kushoto: kinafunguliwa kwa kuzungusha spana kufuata mwendo wa saa. Kijana asiyelijua hilo huning'inia kwenye spana malaya kuelekea upande usio wake mpaka kikombe kinalia, na uzi unatoka nacho. Pedeli nazo zina desturi yake. Ya kushoto ndiyo yenye uzi wa kinyume. Na ukikuta Raleigh ya zamani iliyotoka kiwandani Uingereza, usilazimishe kikombe cha kawaida hata kama kinaonekana kukubali: Raleigh walikuwa na uzi wao wenyewe wa 26 kwa inchi, nao hauelewani na wa 24.

Kwenye gololi mambo ni mepesi, na hapa Kariakoo inapendeza, maana unanunua kwa hesabu unayoitaka. Ekseli ya pedeli kwa kawaida inakula gololi 11 za robo inchi kila upande zikiwa hazina keji. Habu ya nyuma inakula 9 za robo inchi kila upande, ya mbele 10 za tatu kwa kumi na sita. Badilisha zote kwa pamoja, hata zile zinazong'aa. Gololi kuukuu iliyochanganywa na mpya haina ukubwa sawa nayo, na mzigo wote unabebwa na zile kubwa.

Shingo ndiyo inayohitaji jicho kali. Fremu ya uma wa inchi moja inaweza kuwa ya kipimo cha Kijapani au cha kimataifa. Vikombe vya Kijapani vinaingia kwenye tundu la milimita 30.0, vya kimataifa 30.2. Pete inayokaa juu ya uma ni milimita 27.0 kwa Kijapani, 26.4 kwa kimataifa. Macho hayaoni tofauti hiyo. Nyundo inaiona, ila kwa kuchelewa. Bila vanie usinunue seti ya shingo. Uma ukiwa wa 27.0 na pete uliyoipata ni ya 26.4, kazi hiyo mpelekee fundi wa kukereza vyuma upande wa Gerezani, apunguze kiti cha pete kwa ile sehemu ya milimita inayozidi. Ni kazi ndogo kwa mwenye mashine, na naiheshimu kuliko ujanja wa kupigilia.

Gurudumu la nyuma linaanza kwa kupima nafasi kati ya pembe mbili za fremu. Za miaka ya 1980 nyingi ni milimita 130, za miaka ya 1990 ni 135. Fremu ya chuma ya 130 inapanuliwa kwa mikono kufikia 135, taratibu na kwa usawa pande zote mbili, kisha unarudia jaribio la uzi. Alumini usiipanue kamwe. Habu inayofaa zaidi kwa soko letu, kwa maoni yangu, ni ile ya kufunga gia kwa uzi, kwa sababu gia sita au saba za namna hiyo zinapatikana kwa urahisi na zina uzi uleule wa gia moja ya baiskeli ya Phoenix. Habu ya kisasa ya kuvalisha gia ni imara zaidi kwenye ekseli, sikatai, lakini sehemu zake zinapoisha utazunguka sana kuzitafuta.

Kusuka gurudumu mwachie anayesuka kila siku. Mtazame fundi wa magurudumu ya guta, zile zinazopenya Kariakoo na viroba juu: anakaza spoku kwa kusikiliza mlio wake, na rimu inatulia katikati ya vipande vya breki. Mpe rimu yenye namba 559, habu yenye matundu sawa na ya rimu, na spoku alizozipima mwenyewe.

Breki zimewaletea wengi manung'uniko yasiyo na sababu. Mwaka 1996 Shimano walitoa breki zenye mikono mirefu, ambazo wengi tunaziona leo, na zinavuta waya karibu mara mbili ya zile fupi za kabla yake. Ukifunga mikono mirefu na kuacha vishikio vya zamani, kishikio kinagusa usukani kabla breki haijashika vizuri. Ukigeuza, vishikio vipya kwa mikono mifupi, kinakuwa kigumu na baiskeli haisimami. Nunua mikono na vishikio kwa pamoja, vya rika moja. Hapa sitanii na mtu: barabara za mjini zina bajaji na bodaboda zinazokatiza bila taarifa, na breki ndiyo sehemu pekee ya baiskeli ambayo si ya kubana matumizi.

Gia nyingi mbele hazina kazi kubwa Dar es Salaam. Kutoka Kariakoo kushuka Jangwani na kupanda Magomeni, meno ya wastani mbele na gia saba nyuma yanatosha, na anayekaa Kimara atashukuru kwa ile kubwa ya nyuma. Wapo wanaotaka gia moja tu. Inawezekana, ila angalia pembe za nyuma: zikiwa na mkato wa kusimama wima, huna pa kuvutia gurudumu ili kukaza cheni, na utahitaji kikaza cheni au uache ile derela ya nyuma ikae kwa kazi hiyo. Cheni yenyewe ipime kwa rula ya futi moja. Kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, inchi 12 kamili ni cheni nzima. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita, badilisha cheni. Ikizidi kwa moja ya nane, na meno yamekwisha pia.

Enzi za NABICO, kampuni ya umma iliyotutengenezea baiskeli za Swala, mnunuzi hakuhitaji kubeba rula. Baiskeli za mtaani zilikuwa karibu za namna moja, na spea ya jirani ilikufaa. Mtumba umetuletea baiskeli bora zaidi na mchanganyiko wake. Ningependa wenye maduka wa Kariakoo waandike kwenye kila tairi kipimo cha rimu kwa milimita, kwa kalamu nene, pembeni ya bei. Namba yenyewe tayari ipo ubavuni, 559 au 590, au 635 kwa gurudumu la 28 la Phoenix, ila imechapwa kwa herufi ndogo ambazo mzee hazioni. Na ningependa kila kijana anayejifunza ufundi chini ya mwembe apewe vanie kabla ya nyundo.

Baiskeli ikishasimama, iendeshe wiki moja bila mzigo. Kisha rudi na spana: kaza bolti za krenki, ambazo hulegea zikizoea ekseli mpya, punguza ulegevu wa shingo, vuta waya wa breki ulionyooka. Magurudumu yakague yote mawili, ukianzia na spoku za nyuma upande wa gia, maana hizo ndizo zinazokazwa kuliko zote.