Jino Lenye Usaha na Ganzi Isiyoshika

"Daktari, hii ganzi yenu si imechakachuliwa?" Swali hili huulizwa na mtu aliyevimba shavu, amechomwa sindano mbili, na bado koleo likigusa jino anaruka. Dawa ni nzima. Kilichoharibika ni mahali ilipochomwa.

Maumivu hupita kwenye mshipa wa fahamu sodiamu inapoingia kupitia vijilango vidogo. Kimoja kikifunguka humfungulia jirani, na habari husonga hivyo hadi ubongoni. Lignokaini, ndiyo ganzi tunayochoma, huziba vijilango hivyo. Haikulazi wala haikupotezei akili. Hiyo ni kazi ya nusukaputi, na naomba watu waache kuchanganya mambo haya mawili.

Vijilango huzibwa kutoka ndani, kwa hiyo dawa sharti kwanza ipenye utando wa mafuta wa mshipa. Chembe zake zenye chaji haziwezi. Zisizo na chaji ndizo hupenya, kisha zikiwa ndani baadhi hupata chaji na kuziba. Kwenye tishu yenye afya, zinazoweza kupenya ni kama robo tu.

 

Penye usaha pana tindikali. pH ikishuka kutoka 7.4 hadi 6.4, ile robo hubaki takriban asilimia 3. Dawa imejaa pale pale, lakini iko nje ya mlango. Isitoshe, damu nyingi inayopita kwenye uvimbe huiondoa upesi. Kuongeza sindano juu ya sindano ni hatari: mtu mzima wa kilo 60 asipewe zaidi ya miligramu 270 za lignokaini isiyo na adrenalini. Ikizidi, midomo hufa ganzi, masikio huvuma, kisha degedege, hata moyo kusimama. Kwa jino la chini, dawa ichomwe mbali na usaha, nyuma ya taya, pale mshipa unapoingia kwenye mfupa. Usaha wenyewe utolewe.

Na usaha umetoka wapi? Kwenye uzushi kwamba kung'oa jino la juu hupofusha jicho! Jino la juu halishikilii jicho. Kila moja lina mshipa wake. Watu huogopa kung'olewa, wakachelewa huku wakitia ugoro, hata maji ya betri, na jino likaoza hadi kutunga usaha. Karafuu angalau ina mafuta yanayotia ganzi kweli, ila haiponyi jino lililooza.

Kabla ya kung'oa, mimi humwambia mgonjwa: utasikia kusukumwa na kuvutwa, kwani nyuzi nene za mguso hufa ganzi baada ya zile nyembamba za maumivu. Akisema, "Daktari, inachoma," naweka koleo chini.