Hakiki Kwanza, Ndipo Uchome Diski

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge hupita Gitaza, mahali ambapo barabara imebanwa baina ya mlima na Ziwa Tanganyika. Mwezi Machi 2015 udongo uliporomoka hapo, barabara ikakatika. Wenyeji wa pwani hiyo hawahitaji kufundishwa kwamba mzigo ulioondoka salama si lazima ufike salama.

Leo twazungumzia mzigo usioonekana kwa macho: faili la Linux linalopakuliwa katika intaneti ili lichomwe kwenye diski na kupandwa katika kompyuta ya nyumbani.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Aina zake nyingi hutolewa bila malipo, na baadhi huweza kuifufua kompyuta kuukuu iliyokwisha kuwekwa kando. Aina moja mashuhuri, Ubuntu, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Jina hilo halina haja ya mkalimani huko Gitaza, kwani katika Kirundi ubuntu ni utu na ukarimu. Hadi mwaka 2011 watengenezaji wake walipeleka diski kwa posta bila malipo. Siku hizi kila mtu hujipakulia mwenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint, aina nyingine ipendwayo sana. Wakabadili kiungo cha kupakulia toleo la 17.3 Cinnamon, nacho kikawaelekeza watu kwenye faili bandia, lenye mlango wa siri wa kumwingiza mwizi. Mkuu wa kazi hiyo, Clement Lefebvre, aliutangazia umma habari hizo. Waliokwisha kupanda faili hilo walishauriwa kuitoa kompyuta katika mtandao, kuhifadhi nyaraka zao, kuifuta na kuipanda upya, na kubadili maneno yao ya siri. Je, yangekuwaje kwa familia yenye picha za watoto, barua na hesabu za mshahara humo ndani?

Kinga ipo, nayo haina gharama. Kila faili huweza kufanyiwa hesabu iitwayo SHA256, itoayo mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Faili likipungua hata chembe moja kwa sababu umeme ulizimika, au likiguswa na mkono wa mtu, mfuatano huo hubadilika kabisa. Katika Linux huandikwa sha256sum kisha jina la faili. Katika Windows huandikwa certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Jibu hulinganishwa na lile lililotangazwa na watengenezaji. Yakitofautiana kwa herufi moja tu, futa faili, upakue tena.

Lakini mlinzi hodari hakubali neno la siri lililoletwa na mgeni yule yule anayebisha lango. Aliyeweza kubadili faili katika tovuti aweza pia kubadili namba zilizoandikwa kando yake. Kwa hiyo, zitafute namba hizo kwa njia ya pili: mwombe ndugu aliye Bujumbura azisome katika tovuti nyingine inayoaminika, akusomee kwa simu. Bora zaidi ni kuhakiki saini ya watengenezaji kwa programu ya GPG, mradi ufunguo wao umeupata mahali pa kuaminika. Namba hukinga dhidi ya faili lililoharibika njiani. Saini hukinga dhidi ya mwongo.

Baada ya hayo, choma. Tazama kwanza ukubwa wa faili: diski ya kawaida ya DVD huchukua gigabaiti 4.7, na likizidi hapo, tumia flashi. Usilinakili faili kama unavyonakili wimbo. Chagua amri ya kuchoma taswira ya diski. Ukimaliza, ukaifungua diski na kuona faili moja tu liishialo na iso, ujue umekosea. Choma kwa mwendo wa polepole, kisha iamuru programu ihakiki diski yenyewe, maana faili zima laweza kuchomwa vibaya. Kabla ya kupanda, hifadhi nyaraka za familia mahali pengine, kwani upandaji huweza kufuta vyote vilivyomo.

Mama anunuaye mawese sokoni Rumonge haridhiki na uzuri wa dumu. Hufungua kizibo, akanusa, akaonja, ndipo akalipa. Nasi na tufanye vivyo hivyo. Dakika chache za kulinganisha namba ni nafuu kuliko kumfungulia mwizi mlango kwa mkono wako mwenyewe.