Kupokea nako ni utu

Wahenga waliamba kuwa kutoa ni moyo wala si utajiri. Methali hii tumeikariri tangu tukiwa katika darasa la kwanza, tukaitungia insha, na sisi tuliojaliwa kuwa walimu tukawarithisha wanafunzi wetu. Walakini sikumbuki hata siku moja ambapo mwalimu alisimama mbele yetu akatufunza namna ya kupokea. Tulidhani kwamba kupokea hakuhitaji mafunzo, kwamba kila mwenye mikono anajua. Mimi nilikuja kutambua, tena nikiwa mtu mzima mwenye shahada na chaki mkononi, kwamba sikujua.

Miaka kadhaa iliyopita mamangu mzazi alilazwa hospitalini kwa majuma matatu. Wakati huo nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya upili ya mashambani. Gharama ziliongezeka kila uchao, nami sikumwambia mtu. Hata hivyo, habari haifichiki kwenye majilisi ya walimu. Asubuhi moja naibu wa mwalimu mkuu alinikabidhi bahasha pamoja na karatasi yenye orodha ya waliochanga. Nilipitisha macho juu ya majina yale. La mwisho kabisa lilikuwa la bawabu wetu, na mbele yake pameandikwa shilingi hamsini.

Niliirudisha bahasha. Nilisema, kwa sauti niliyoiona kuwa ya heshima, kwamba nashukuru lakini nitajimudu, na kwamba siwezi kula jasho la wenzangu. Nilitoka pale nimenyosha shingo, nikijiona muungwana asiyetaka kumlemea mtu. Jioni hiyohiyo nilikwenda kukopa kwa riba kwa mtu ambaye hakunijali mimi wala mama yangu.

Mwaka uliofuata nilipata habari kwamba bintiye bawabu, aliyekuwa katika kidato cha pili katika shule ya jirani, alikuwa amekaa nyumbani karibu muhula mzima kwa kukosa karo. Nilimwendea mzee huyo langoni nikamuuliza, "Mzee, mbona hukutuambia? Si tungechanga?" Alinitazama kwa muda, kisha akajibu kwa upole, "Mwalimu, wewe una mshahara na elimu, na ulisema huwezi kula jasho la watu. Mimi ni nani hata nile?"

Mpenzi msomaji, sijawahi kupewa somo zito kuliko lile. Nilikuwa nimedhani kwamba kwa kuikataa bahasha nilijinyima mimi peke yangu. Kumbe nilikuwa nimefundisha. Niliwafundisha wote waliokuwepo kwamba kusaidiwa ni aibu, na mwanafunzi wangu aliyeshika somo hilo barabara zaidi alikuwa mtu mwenye haja kubwa kuliko zangu. Isitoshe, shilingi hamsini za bawabu hazikuwa kitu kidogo. Yamkini zilikuwa unga wa siku ile. Alizitoa ili naye ahesabiwe miongoni mwa watu wenye uwezo wa kumfaa mwenzao, nami nikamrudishia kana kwamba nimemwambia kuwa hana uwezo huo. Nilichokiita unyenyekevu kilikuwa kiburi kilichovaa kanzu ya unyenyekevu.

Yaliyo kweli kuhusu msaada ni kweli pia kuhusu sifa. Wakati mmoja nilimrudishia mwanafunzi wa kidato cha tatu insha yake, nikamwambia kwamba aya yake ya mwisho ilinigusa. Aliinamisha kichwa akasema, "La, mwalimu, nimebahatisha tu." Nilimuuliza aliiandika insha ile mara ngapi. Mara nne, alijibu. Mara nne! Je, hiyo ni bahati? Kwa jibu lake alikuwa ameitupa kazi ya mikono yake mwenyewe, na aliniambia pia, kwa adabu zote, kwamba sijui kusahihisha. Kibaya zaidi ni kwamba mwanafunzi anayeamini kuwa alibahatisha hatajua la kufanya mtihani ujao utakapokuja. Bahati haisomewi wala haifanyiwi mazoezi. Lakini yule anayekubali kwamba aliandika mara nne, na kwamba mara ya nne ilizaa matunda, ana njia ya kuirudia.

Alijifunza wapi kujibu hivyo? Aghalabu alijifunza kwetu. Sisi walimu tuna methali tunayoipenda mno, isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa sababu yake tumewanyima wanafunzi wetu pongezi walizostahili, na wao wameona kwamba sifa ni mtego wa kukimbiwa. Lakini hebu tuitazame methali hiyo upya. Je, ni nani aliyetia maji tembo? Si mnywaji aliyesifu, bali ni mgema, kwa mkono wake mwenyewe. Methali hailaumu sifa, inamlaumu aliyeshindwa kuipokea. Dawa yake si mnywaji kufumba kinywa. Dawa ni mgema aseme ahsante, na kesho apande mnazi kwa uangalifu uleule wa jana.

Lugha yetu yenyewe inatupa mwongozo. Neno ahsante lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kumwambia mtu kwamba amefanya vyema. Kwa hiyo anayesifiwa akajibu ahsante hajigambi hata kidogo. Anamrudishia mwenzake sifa kwa wema wa kusifu. Litazame pia neno kupokea. Mtu akikukuta njiani umejitwika mzigo hukuambia, "Nikupokee." Mgeni akibisha hodi, mwenyeji humpokea. Zawadi hupokewa, na salamu hupokewa. Neno ni lilelile. Waliotutangulia hawakuona tofauti kubwa baina ya kumtua mtu mzigo na kukubali anachokupa, kwa kuwa katika hali zote mbili unamfaa. Mtu aliyeazimia kukutendea wema amebeba kitu moyoni. Usipompokea, atarudi nacho nyumbani kikiwa kizito zaidi.

Wapo wanaohofu kwamba kukubali sifa kutawaondolea unyenyekevu. Hao na wamtazame mwalimu mwenzetu Peter Tabichi, aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Upili ya Keriko, huko Njoro. Mnamo Machi 2019 alitunukiwa mjini Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, iliyoambatana na dola milioni moja za Marekani. Yeye ni mtawa wa shirika la Wafransisko, tena alijulikana kwa kutoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Lau kuna mtu aliyekuwa na kisingizio cha kusema kwamba hastahili, ni yeye. Lakini alipanda jukwaani, akaipokea tuzo, akashukuru, kisha akasema kwamba amefika pale kwa sababu ya yale ambayo wanafunzi wake wametimiza. Hakuikana sifa, bali aliigawa. Na hapo ndipo ilipo tofauti, kwa sababu anayeikana sifa huiua, ilhali anayeigawa huwafikishia wengi.

Sisemi kwamba kila mkono unaonyoshwa upokewe. Ipo zawadi inayoletwa ili kununua alama za mtihani, na ipo sifa ya mdomoni inayomtangulia mtu mwenye haja yake. Hizo zikataliwe bila kigugumizi. Lakini tusiwatie wenye nia njema katika kapu moja na walaghai kwa sababu tu ya uvivu wa kupambanua. Wala anayepokea asidhani kwamba ameingia katika deni la kulipwa papo kwa papo. Ukipewa kikombe cha chai leo, usikimbie kuleta viwili kesho ili mlingane. Huko si kushukuru, ni kufunga hesabu. Hisani haiozi, inaweza kungoja, na pengine utailipa kwa mtu mwingine kabisa.

Nawasihi basi wanafunzi: mwalimu akikusifu, mtazame, sema ahsante, kisha ujiulize ni lipi ulilolifanya hata ukasifiwa. Rafiki akijitolea kukueleza hesabu iliyokushinda, usimwambie umeelewa ilhali hujaelewa. Nanyi walimu wenzangu, mwanafunzi akikuambia kwamba somo la leo lilimfungua macho, usimkatize kwa kusema kwamba ulikuwa ukifanya kazi yako tu. Huenda alihitaji ujasiri mwingi kuyatamka maneno hayo, na namna utakavyoyapokea ndiyo namna atakayopokea ya wengine maishani.

Baada ya mazungumzo yale ya langoni, tulichanga karo ya binti yule, naye akarudi shuleni. Mzee aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akasema ahsante, basi. Hakujidhalilisha wala hakutoa maelezo marefu. Miezi michache baadaye alifika mlangoni pangu na mkungu wa ndizi kutoka shambani mwake. Maneno ya zamani yalinijia ulimini, ya kwamba kwa nini ajisumbue, na ya kwamba apeleke kwa wanawe. Niliyameza. Nilinyosha mikono yote miwili nikamwambia, "Nikupokee, mzee. Ahsante sana."

Sijawahi kumwona akitembea wima namna ile alivyotembea akirudi langoni.