Shati Likiguswa na Rangi Mbichi

Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 Tanzania ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa mpigo, kwa fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Darasa jipya maana yake ni rangi mbichi ukutani, rangi mbichi mlangoni, na watoto wenye mashati meupe wanaopita hapo kila dakika. Hali ni hiyo hiyo inapokarabatiwa zahanati au ofisi ya kata, na pale mkulima aliyeuza pamba yake kwa bei nzuri anapoamua kuipendezesha nyumba.

Katika kata ya Bukundi, wilayani Meatu, doa la rangi lina gharama ya ziada. Meatu iko upande mkavu wa Mkoa wa Simiyu, na maji ya kufulia hutafutwa. Mama aliyetembea kufuata ndoo mbili hawezi kumaliza zote mbili kwenye kola ya shati moja, na bado doa likabaki palepale. Ndiyo maana kabla ya kugusa sabuni lipo swali la kujibu: hiyo ni rangi gani? Nguo nyingi huharibika kwa sababu tu zilifuliwa kwa kitu kisichoendana na rangi iliyozichafua, tena mara nyingi kwa bidii kubwa.

Rangi ya ukutani, iwe ya bei gani, ina vitu vitatu: unga unaoipa rangi yake, gundi inayoushika unga huo, na kimiminika kinachofanya mchanganyiko upakike. Unga wenyewe hauna shida kubwa. Kinachong'ang'ania nyuzi za nguo ni gundi, na gundi hizo hazifanani. Njia ya haraka ya kuzitofautisha ni kumuuliza fundi rangi anaoshea nini brashi yake. Akisema maji, hiyo ni rangi ya maji. Akisema tapentaini au tina, ni rangi ya mafuta. Kama fundi ameshaondoka na doa limekauka, chovya pamba kidogo kwenye spiriti ya hospitali, uguse doa hilo. Pamba ikitoka na rangi, yaelekea ni rangi ya maji. Isipotoka na kitu, shughulika nayo kama rangi ya mafuta.

Rangi ya maji ndiyo inayopakwa kwenye kuta nyingi. Gundi yake ni vitone vidogo mno vya plastiki vinavyoelea ndani ya maji. Maji yakikauka, vitone hivyo husogeleana, hushikana na kuwa ngozi moja ambayo maji hayawezi tena kuifumua. Hukauka juu juu kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, na kwenye jua la mchana la Meatu huchukua muda mfupi zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyeegemea ukuta saa nne asubuhi asisubiri kengele ya kurudi nyumbani. Mwalimu amruhusu avue shati hapohapo na kulilowesha. Likibaki na unyevu, doa litasubiri. Hata kitambaa kilicholowa kikiwekwa juu ya doa hadi afike nyumbani kinatosha.

Namna ya kulimwagia maji nayo ina maana. Kwanza kwangua rangi iliyojaa kwa mgongo wa kijiko, bila kuisugulia ndani. Kisha geuza nguo, umimine maji kutoka upande wa nyuma wa doa, ili rangi itoke kwa njia ileile iliyoingilia. Ukimimina kwa mbele unaisukuma ndani zaidi ya kitambaa. Kikombe kimoja kinachomiminwa taratibu kwa nyuma hufanya kazi zaidi kuliko beseni zima la kulowekea. Baada ya hapo paka sabuni, fikicha kwa vidole, suuza, rudia. Visima vingi vya maeneo makavu hutoa maji magumu, ambayo sabuni ya kipande hushindwa kutoa povu ndani yake na huacha utando. Kwa maji ya aina hiyo sabuni ya unga au ya kuoshea vyombo hufaa zaidi.

Ikiwa rangi ya maji imeshakauka, spiriti ndiyo dawa. Hailiyeyushi doa lote kwa mara moja. Huilainisha ile ngozi ya plastiki ikaanza kukwanguka. Weka kitambaa cheupe kikavu chini ya doa, gonga kwa pamba yenye spiriti kutoka pembeni kuelekea katikati, na usogeze kitambaa cha chini kila kinapochafuka. Mswaki wa zamani husaidia mwishoni. Kwa kitenge au khanga jaribu kwanza kwenye pindo, kwa kuwa spiriti inaweza kuondoka na rangi ya kitambaa chenyewe.

Hapa pamba ya Simiyu inastahili sifa yake. Mkoa huu ndio unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na uzi wa pamba una tabia ambayo nyuzi nyingine nyingi hazina: ukilowa huongezeka nguvu. Shati la pamba tupu linavumilia kufikichwa likiwa majimaji. Blauzi ya hariri au ya viskosi haivumilii, kwani nyuzi hizo hulegea zikilowa na kitambaa huvutika. Tetroni, ambayo mashati mengi ya shule hushonwa kwayo peke yake au ikiwa imechanganywa na pamba, ina tatizo jingine. Haipendi maji, inapenda mafuta, hivyo rangi ya mafuta ikiidondokea huishika kwa nguvu. Shati la tetroni lenye doa la rangi ya mafuta lisiachwe hadi kesho.

Rangi ya mafuta ni ya milango, madirisha, mageti na mabomba. Haikauki kwa kupoteza kimiminika pekee; gundi yake hujiunga na hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa kitu kipya, kigumu, kisichorudi nyuma. Inashikika baada ya saa kadhaa, lakini huendelea kukomaa kwa siku nyingi. Ugumu huo ndio uliompa Edward Saidi Tingatinga kazi iliyodumu: alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za aina hii, zile za kupakia baiskeli, na picha zake bado zinang'aa. Kinachopendeza kwenye picha ni balaa kwenye suruali.

Maji yasiitangulie. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi, ifyonze kwa kitambaa kikavu, kisha gonga kwa pamba yenye tapentaini, ukiwa umetanguliza kitambaa cha kupokea chini yake kama ilivyo kwa spiriti. Asiyepata tapentaini atumie mafuta ya taa. Nayo huilegeza gundi, ila huacha mafuta na harufu, hivyo ni lazima yafuatwe na sabuni ya kuoshea vyombo isiyochanganywa na maji, ipakwe moja kwa moja, iachwe dakika kumi, ndipo nguo ifuliwe. Tina ni kali zaidi. Ni mchanganyiko wa viyeyushi kadhaa, na baadhi yake hula bitana ya koti iliyotengenezwa kwa asetati hadi likabaki tundu. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha hufanya hivyo hivyo. Bitana ukiishuku, iache.

Petroli isitumike kabisa. Mvuke wake huwaka kwenye joto la nyuzi 40 chini ya sifuri, maana yake ni kwamba katika nchi yetu uko tayari kushika moto saa yoyote, na husambaa chini chini hadi kwenye jiko la mkaa lililo mbali. Watanzania waliliona hilo kwa uchungu Agosti 10, 2019, lori la petroli lilipopinduka Msamvu, Morogoro, na moto wake ukaua watu zaidi ya 100. Mafuta ya taa na tapentaini huhitaji joto la nyuzi 30 na kitu na kuendelea ndipo mvuke wake ushike moto. Hiyo ni nafuu, si usalama. Kazi ifanyike nje, mbali na kibatari, jiko na sigara. Nguo iliyotiwa viyeyushi hivi isipigwe pasi ya mkaa mpaka ifuliwe na harufu iishe yote. Matambara yaliyolowa rangi ya mafuta yatandazwe nje yakauke, yasikunjwe na kurundikwa ndani, kwa sababu gundi hiyo ikijiunga na oksijeni hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe.

Kanuni moja huzihusu rangi zote mbili: doa lisianikwe juani wala kupigwa pasi kabla halijatoka, maana joto humaliza kazi ambayo rangi ilikuwa haijaimaliza. Na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isipewe jukumu lisilo lake. Klorini iliyomo hushambulia rangi za kutiwa kama za chai au matunda. Gundi ya plastiki haiitikisi, ila uzi wa pamba inaudhoofisha.

Chokaa ni jambo jepesi. Iache ikauke, ikung'ute, pangusa kwa brashi kavu, na weupe unaobaki uguse kwa siki au maji ya ndimu. Utaona vipovu, hiyo ni chokaa inayoyeyuka. Suuza vizuri. Siki na ndimu visikutane na dawa ya klorini kwenye beseni moja, kwani hutoa gesi inayounguza mapafu. Chokaa iliyozimwa karibuni huunguza ngozi pia, na ikiingia jichoni jicho lioshwe kwa maji mengi kabla ya safari ya zahanati.

Vitambaa vya nyumbani vina utaratibu wake. Pazia na shuka hufuata kanuni za nguo. Kochi na godoro havimiminiwi maji, kwa kuwa sponji hunywa rangi na maji kwa pamoja; gonga kwa kitambaa chenye unyevu, kausha kwa kingine, rudia kwa uvumilivu. Mkeka wa ukindu uliotiwa rangi usiguswe na spiriti.

Chandarua chenye dawa ndicho kinachohitaji tahadhari kuliko vyote. Vyandarua vya kudumu, vikiwemo vilivyotengenezwa Arusha katika kiwanda cha A to Z, vina kiuatilifu ndani au juu ya nyuzi zake, na vimekusudiwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi kwa sabuni laini na maji ya baridi, kisha kuanikwa kivulini. Tapentaini, mafuta ya taa au spiriti vinaweza kuondoka na kiuatilifu hicho. Katika Kanda ya Ziwa, ambako malaria bado inalaza watoto, doa la rangi kwenye chandarua ni kitu cha kuishi nacho. Kinachotakiwa ni kukitoa chandarua chumbani kabla fundi hajaingia.

Rangi za zamani zina hatari isiyoonekana. Baadhi zilitengenezwa kwa risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kiwango cha juu ambacho Umoja wa Mataifa unazishauri nchi zikiweke kwenye sheria ni sehemu 90 kwa milioni. Kwa hiyo nguo za fundi aliyekwangua milango ya zamani zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nguo za mtoto. Maji yake yasimwagwe karibu na lambo ambalo ng'ombe hunywa na watu huchota. Tapentaini iliyotumika haina haja ya kumwagwa: ikiachwa kwenye kopo lililofunikwa, unga wa rangi hutuama, na ya juu hutumika tena.

Kuna jambo moja ambalo kila mzazi anaombwa alizingatie leo, kabla ya rangi kumwagika. Mafuta ya taa na tapentaini visiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi, hunywa. Ikitokea amekunywa, asitapishwe na asinyweshwe maziwa ili atapike, kwa sababu mafuta hayo yakipanda huingia kwenye mapafu. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na chupa aliyonywea iende pamoja naye.