VICHWA NA KURA KATIKA TARIME NA SERENGETI

Asomaye hesabu ya sensa ya mwaka 2022 ataona kwamba Tarime, mji na vijiji pamoja, ilikuwa na watu 537,891, na Serengeti watu 340,349. Kwa haraka atasema: Tarime ina majimbo mawili ya uchaguzi, Serengeti moja, basi hapana neno. Lakini na aigawanye Tarime yenyewe. Mjini walihesabiwa watu 133,043, vijijini 404,848. Mbunge wa mjini, basi, awasemea watu wasiofikia theluthi ya wale wanaosemewa na mwenziwe wa vijijini, na yule wa Serengeti ana mzigo unaopita mara mbili na nusu ya mzigo wa mjini.

Hata hivyo kichwa si kura. Katiba yampa haki hiyo raia aliyetimiza miaka 18, na karibu nusu ya watu wa nchi yetu hawajaufikia umri huo. Mjini huja vijana watafutao kazi na biashara. Vijijini watoto ndio wengi. Kwa hiyo tofauti ya wapiga kura yaelekea kuwa pungufu kuliko tofauti ya vichwa. Ndiyo sababu twapenda madiwani waitazame hesabu ya watu wazima, kata kwa kata, kabla ya kudai jimbo jipya.

Tena, mtu mzima ni nani? Kwa Wakurya kijana huhesabiwa mtu kwa kutahiriwa, na rika lake hupewa jina. Karani wa uandikishaji haulizi rika. Auliza mwaka wa kuzaliwa, na mzazi aliyepuuza cheti humwachia mwanawe taabu.

Ibara ya 75 ya Katiba yaiagiza Tume itazame idadi ya watu, njia za mawasiliano na hali ya nchi. Serengeti, ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake ni ya hifadhi (na nyumbu hawapigi kura), yaweza kuutaja umbali. Lakini kwa kipimo hicho hicho, mji uzungukwao kwa siku moja ndio ungefaa kuwa na watu wengi kwa mbunge mmoja, wala si wachache.

Mwaka 1958 kura ya Tanganyika ilikuwa ya mwenye elimu, cheo au pato la pauni 150 kwa mwaka. TANU ilidai kila mtu mzima awe nayo, na mwaka 1965 alikuwa nayo. Uzito wake ni sehemu ya madai yale yale, na Katiba yataka mipaka ya majimbo ichunguzwe angalau kila baada ya miaka kumi.