Msaada wa Serikali Huanzia Mkutanoni

Baadhi ya wanachama wetu wana wazee waliovuka bahari kuwafuata watoto wao Misugusugu, Kibaha. Wanatuuliza: mzee asiye na kitu huko apeleke wapi ombi lake?

Kwanza tuwakumbushe jambo moja. Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kila mwezi, ni ya wakaazi wa Zanzibar waliotimiza miaka 70, tajiri na masikini sawasawa. Ahamaye asitegemee kuwa itamfuata bara.

Huko mlango ni mwingine. TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na mwaka 2012 ikaleta Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, bara na visiwani. Katika mpango ule hapakuwa na barua ya kuandika. Wananchi waliitwa mkutanoni, wakazitaja wenyewe kaya zilizo hoi. Kila kaya iliyotajwa ikaulizwa hali yake, kisha majina yakarudishwa mkutanoni kuthibitishwa. Sehemu ya fedha ilikuwa na sharti: watoto waende shule na kliniki.

Basi ndugu zetu, asiyejulikana mtaani nani atamtaja? Mzee akifika Misugusugu, mwanawe ampeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, kama tuendavyo sisi kwa sheha. Mkutano ukiitwa, ahudhurie, kwani asiyekuwepo na lake halipo.

Wako waonao haya kutajwa masikini mbele ya majirani. Hao twawaambia: mficha uchi hazai.