Fahamu: Kwa nini ramani ya galaksi inaitilia shaka nishati ya giza

Galaksi hazikutapakaa ovyo angani. Zimejipanga kama wavu wa mvuvi: nyuzi ndefu, mafundo mazito, na katikati nafasi tupu kubwa mno.

Mpangilio huo ndio rula ya wanasayansi. Mawimbi ya sauti yaliyopita katika ulimwengu mchanga yaliacha alama: hadi leo, jozi nyingi za galaksi kuliko inavyotarajiwa zimeachana kwa takriban miaka ya nuru milioni 500. Alama hiyo ikipimwa katika enzi mbalimbali, huonyesha jinsi ulimwengu ulivyotanuka.

Mwaka 1998, nyota zinazolipuka zilifichua kwamba mtanuko huo unaongezeka kasi. Kinachousukuma kiliitwa nishati ya giza, ambayo ni karibu asilimia 70 ya ulimwengu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa haibadiliki.

Machi 2025, mradi wa DESI, unaotumia nyuzi 5,000 za kunasa mwanga kwenye darubini ya Kitt Peak, Arizona, ulitoa matokeo ya kupima alama hiyo kwenye ramani ya galaksi na viini ving'avu vya galaksi za mbali karibu milioni 15. Yakiunganishwa na vipimo vingine, yanaashiria kuwa nishati hiyo inadhoofika. Hata hivyo, ushahidi huo haukufikia kiwango ambacho wanafizikia hukiita ugunduzi.